Kitanda Kilichonifuata Ufukweni

Ukiona watoto wako wanakuchekea kwa pamoja, kagua nyumba kwanza, ndipo na wewe ucheke. Mimi sikukagua. Nilikuwa nimekaa uani nachambua mchele, wakaja mwanangu mkubwa na mke wake, wamebeba tabasamu kama watu waliobeba sinia la wageni, kila mmoja kashika upande wake lisimwagike.

"Mama," akaanza mwanangu, "umehangaika miaka yote. Sasa tunataka ukapumzike."

"Nikapumzike vipi tena? Si nimekaa?"

"Ufukweni, mama. Wiki nzima."

Mwanangu huyu mtaa mzima unamwita Meno. Jina la tangu utotoni, na sababu yake nitaisema ikifika zamu yake. Siku hizi ana tai na ofisi yenye kiyoyozi. Anafanya kazi kwenye bima, yaani anaamka asubuhi kwenda kuwaambia watu wazima kwamba watateleza, wataungua, watagongwa. Mkewe ana duka la mapazia na mazulia. Mkamwana wangu ni mzuri wa sura na wa mikono, ila hawezi kuona kitu kikuukuu kikamwacha apumue.

Akachuchumaa mbele yangu na simu yake, akanionyesha picha. Mchanga mweupe, minazi imeinama kama inatafuta sarafu, kiti kimoja hakina mtu.

"Mama, hapa ni mahali pasipojulikana kabisa. Hakuna kelele, hakuna watu, hata simu haishiki. Watu wa mjini wanapatafuta hawapapati."

"Kama hapajulikani, ninyi mmepajuaje?"

Wakatazamana. Pale ndipo ningeacha mchele nikaenda kujifungia chumbani kwangu. Lakini nani anamdhania mwanawe mabaya na huku mdomo wake unacheka? Tena mahali pasipojulikana ndipo watu hupeleka vitu wasivyotaka vionekane, na mimi nilikuwa mmoja wa vitu hivyo. Sikulijua hilo.

Nikafunga nguo zangu, nikatandika kitanda changu vizuri, nikakipigapiga kama mtu anayemuaga mtoto, nikaondoka.

Hicho kitanda ndicho hadithi yenyewe, kwa hiyo nikieleze. Mume wangu alikuwa seremala. Alikitengeneza kabla hatujaoana, na hakikupigwa msumari hata mmoja. "Msumari ni uongo wa fundi mvivu," alikuwa akisema. Matendegu yake, yaani miguu minne minene, yametobolewa matundu; mifumbati, zile mbao za ubavuni, za mchagoni upande wa kichwa na za miguuni, ina ndimi zinazoingia humo, na kila ulimi unakazwa na kabari ya mti. Ukizigonga kabari zikatoka, kitanda kinalala chini vipande vipande. Ukizirudisha, hata ucheze ngoma juu yake hakitasema neno. Ni kirefu kwenda juu, napandia kigoda. Watoto wangu wote wawili nimewazalia hapo. Mume wangu amekata roho hapo, mkono wake kwenye mkono wangu. Na mimi nilikuwa nimeshachagua pangu pa kufia: palepale, ubavu wa ukutani.

Sasa mwezi uliopita nilianguka. Nilishuka kitandani salama salimini, nikakanyaga zulia dogo aliloniletea mkamwana, lile lenye manyoya kama paka aliyeogeshwa, likanichukua kama mtumbwi. Nikakaa chini kwa kishindo. Mbavu zikauma siku tatu, zikaacha. Lakini nyumbani kwa mtu wa bima jambo haliishi hivyo. Alikuja Meno, akasimama mlangoni, akaanza kukipima kitanda kwa macho kuanzia juu mpaka chini. Zulia limeangusha mtu, kesi ikapewa kitanda.

Basi wakanipeleka. Gari likafika mwisho wa barabara, likakataa. Kutoka hapo ni kutembea juu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa, unazunguka mwamba mkubwa, unatokea kwenye ufukwe mdogo kama kiganja. Maji yakijaa, huingii wala hutoki. Vyumba vyenyewe ni vinne, vya makuti, na upande wa baharini havina ukuta, vina pazia tu. Nikalitazama lile pazia. Maua yake nayajua, yamejaa dukani kwa mkamwana. Nikasema, aa, kumbe biashara. Nikaishia hapo, akili yangu ilikuwa imechoka na mwendo.

Mwenye mahali pale nilimwita Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani ya jua na siku zile za kwanza sikuiona machoni pake. Siku zote imekaa kwenye paji la uso kama inamtafuta mtu nyuma. Kulikuwa na mpishi pia, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuamsha kuku.

Niseme ukweli, kupumzika ni kazi ngumu kwa asiyeizoea. Waliniweka kwenye bembea ya nyavu kati ya minazi miwili, ikanigeuza, ikanitema chini kama mbegu. Wakaniweka kwenye kiti cha kulalia, nikabaki nimetazama mbingu kama maiti anayesubiri waoshaji. Bafu halina paa; nikioga, kunguru anakaa juu ya ukuta ananitazama, tena anainamisha kichwa aone vizuri. Nikamwambia, "Umechelewa, baba, vya kutazama viliisha zamani."

Nikaenda jikoni nikaomba hata vitunguu vya kumenya.

"Haiwezekani, Bibi," akasema mpishi. "Wewe mgeni. Kaa ule, ulale. Umeshalipiwa."

"Nimelipiwa na nani?"

"Ya mezani siyajui, najua ya jikoni." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akanikatia kipande cha samaki kikubwa kuliko cha jana yake.

Nikala. Nilikula vizuri, Mungu anisamehe, mpaka mifupa nikaifyonza.

Siku ya tatu maji yakakupwa sana, bahari ikaenda mbali mpaka ikawa mstari. Ndiyo siku ya kuleta mizigo mizito. Nilikuwa kwenye kile kiti cha maiti nakunywa dafu, nikawaona wapagazi wanakuja wamezunguka mwamba, mmoja ana mtungi wa gesi, mwingine gunia la mchele, na nyuma yao watu wamebeba mbao.

Tendegu likapita mbele yangu begani mwa mtu. Nikasema moyoni: tazama, kuna seremala ameiba mtindo wa mume wangu. Likapita la pili. Nikasema: huyu mwizi alikuwa na jicho zuri. Likaja la tatu, na yule mpagazi akalitua karibu na kiti changu apumzishe bega.

Ngoja sasa niliseme lile jina. Mwanangu mkubwa alipoanza kuota meno, hakutaka kidole, hakutaka kipande cha ukoko. Alikuwa anatambaa mpaka kwenye tendegu la mchagoni, analikumbatia, analitafuna huku mate yanashuka kama bomba bovu. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Huyu ana meno ya patasi." Hakuyapiga randa yale makovu, akayaacha. Yako mpaka leo, vijishimo viwili juu na viwili chini, usawa wa goti langu.

Nilinyoosha mkono nikaligusa lile tendegu. Vidole vyangu vikaingia kwenye meno ya mwanangu.

Dafu likaanguka. Sikumbuki niliinukaje, maana kile kiti kinahitaji mtu wa kukuvuta. Nilijikuta nimesimama tu.

"Miwani!" Nilimwita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu watoto wangu walipopanda dari. Akaja mbio.

"Hiki kitanda umekitoa wapi?"

"Ah, Bibi, umekipenda? Kitanda cha kale. Wageni siku hizi wanapenda vitu vya wazee. Nimekipata kwa yule mama anayeniuzia mapazia."

"Umekinunua?"

"Hapana, tumebadilishana."

"Umempa nini?"

Pale ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Aliishusha ile miwani kutoka kwenye paji, akaivaa machoni.

"Nimempa... wiki moja. Ya mapumziko. Mtu mmoja, chakula juu yangu."

Nikamkumbuka samaki wa jana. Kumbe nilikuwa nimekula tendegu. Chai ya asubuhi na mkate nilikunywa mfumbati. Ile mifupa niliyoifyonza ilikuwa kabari za mume wangu. Mwanamke mzima nimekaa kwenye upepo najilamba vidole, nakila kitanda changu mwenyewe kipande kwa kipande!

"Walisema kije nikiwa nimeshaondoka?"

"Walisema... nilete tu maji yakikupwa vizuri. Mimi nikaona leo yamekupwa vizuri." Jasho linamtoka. "Bibi, kwani wewe ni..."

"Mimi ndiye mwenye kitanda."

Watu wa mjini! Wamepiga hesabu zote, wakanitafutia mahali pasipo simu ili jirani asinipigie, wakasahau kwamba bahari haina saa ya ofisini. Walidhani "maji yakikupwa vizuri" ni wiki ijayo, kama mshahara.

Wapagazi wakakiingiza chumba cha mwisho, wakaanza kukiunga. Wameweka tendegu la miguuni mchagoni, wamebamiza kabari kichwa chini, kitanda kinalia kama mbuzi. Nilivumilia kidogo nikashindwa. Nina hasira, ndiyo, lakini siwezi kusikia kazi ya mume wangu inadhalilishwa.

"Tokeni! Tokeni hapo! Huyo ni marehemu mnamvunja mkono!"

Nikakiunga mwenyewe. Kilipokaa sawa, nikakisukuma kwa nyonga. Kimya. Wakatandika godoro na mashuka meupe, wakamwaga maua juu. Nikauliza maua ya nini. Miwani akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna maarusi wanaingia na maji hayahaya, wameahidiwa chumba chenye kitanda cha kale.

"Ahaa," nikasema. Nikavuta kigoda, nikapanda, nikakaa katikati ya maua, nikakunja miguu. "Basi waambie wamekikuta na mzee wake."

Walipofika, bwana harusi kashika viatu mkononi, bibi harusi kajifunga mtandio kichwani, wamechoka, wamefurahi. Wakafungua pazia wakanikuta.

"Karibuni wanangu," nikawaambia. "Msiogope, kitanda ni kikubwa, tutatoshana. Mimi silali kwa kugeukageuka."

Bwana harusi akamtazama Miwani. Miwani akatazama bahari.

"Bibi," akasema bibi harusi kwa adabu, "nadhani hiki ni chumba chetu."

"Chumba ni chenu, sikatai. Kitanda ni changu. Hapo ulipoweka mkoba ndipo alipofia mume wangu."

Akauinua mkoba kama aliyeungua. Nikamhurumia, kwa kweli. Hana kosa, kaja na furaha yake. Nikamwambia ashike lile tendegu achungulie meno, nikamweleza yote, kuanzia tai ya mwanangu mpaka mifupa ya samaki. Bwana harusi mwanzo alitaka kucheka. Mkewe akamgeukia.

"Unacheka? Wewe si ndiye uliyesema meza ya mama yako ile ya zamani tukiitoa hatajua?"

Kicheko kikaisha. Wakaenda kulala kwenye chumba changu mimi, na bibi harusi akaniachia maua.

Miwani akanibembeleza. Akaniahidi chumba kizuri zaidi, akaniahidi wiki ya pili.

"Wiki ya pili nitakula nini?" nikamuuliza. "Kabati?"

"Basi Bibi, unataka nini?"

"Nataka waliokileta waje wakirudishe. Kwa mikono yao. Wapagazi wako siwataki, vijana wako siwataki. Mpaka waje, mimi sishuki."

Akaondoka kwenda kutafuta mahali simu inaposhika, suruali imekunjwa, maji yanamfukuza visigino.

Mpishi akaniletea chakula kitandani. Akakaa kwenye kigoda akasema, "Nilijua kuna kitu. Nilimsikia akisema bibi huyu kalipiwa kwa mbao. Nisamehe."

"Sikusamehe bure," nikamwambia. "Niletee ndoo ya maji ya bahari na kitambaa."

"Unataka kunawa miguu?"

"Nataka kuwanywesha watu wanane."

Mume wangu alinifundisha jambo moja la kabari. Ukitaka itoke, iache ikauke. Ukitaka isitoke, inyweshe. Mti unaokunywa maji unavimba, ukivimba haumsikii mtu. Zile kabari zilikuwa nane. Nikazifunga vitambaa vilivyolowa, kila moja na chake, kama watoto wenye homa. Mpishi akabaki kanitazama, kisha akaelewa, akacheka kile kicheko chake mpaka kunguru akahama bafuni.

Kesho yake maji yalipokupwa wakatokea. Meno mbele, tai hana, viatu kavishika kifuani kama mtoto mchanga. Mkewe nyuma, nguo kaikunja mpaka magotini, uso umemshuka. Miwani anawafuata kwa mbali, kama mbwa aliyevunja sahani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Karibuni kwenye mapumziko."

"Mama, tunaweza kueleza."

"Elezeni. Mimi nina muda, nimelipiwa wiki nzima."

Meno akavuta pumzi ile ya kuwavutia wateja. "Mama, ulianguka. Mimi kila siku naona wazee wanaoanguka. Mtu anavunjika nyonga, anaishia hapo. Kitanda kile ni kirefu mno. Tulikuwa tunakulinda."

"Nilianguka kwenye zulia."

"Ulikuwa unashuka kitandani."

"Nilikuwa nimeshashuka! Miguu yote miwili iko chini! Zulia likanichukua. Zulia hamkulibadilisha na samaki, mmebadilisha kitanda!"

Mkamwana akaanza kulia. "Mama, mimi nilitaka chumba chako kipendeze. Tumekuwekea kitanda kifupi, kizuri, na pazia jipya..."

"Mmeshaweka?"

Akajifuta pua kwa ncha ya nguo yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo wakati mimi nagombana na bembea, ninyi mlikuwa mnafagia pa baba yenu." Nilijaribu kusema polepole, ikashindikana. "Wewe Meno, kuna siku niliwahi kuuza kitu chako bila kukwambia? Hata ile baiskeli yako isiyo na gurudumu, si niliihifadhi mpaka ukaja kuitupa mwenyewe? Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa, mama."

"Ndiyo kazi ya swali, mwanangu. Ukiuliza na hapana haikubaliki, hilo si swali, hilo ni tangazo. Na hata tangazo sikupewa. Nimepewa dafu."

Nikaona anatazama chini, kwenye tendegu, kisha anatazama pengine haraka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Cha kwangu kilianza na kitanda tangu hakijaota magego."

"Sawa mama. Tumekosea. Tukifungue tukirudishe." Akaomba nyundo, akaanza kuigonga kabari ya kwanza. Tok. Tok. Tok. Haikusogea. Akaenda ya pili. Akavua saa. Akaenda ya tatu, akajigonga kidole.

"Mbona haitoki? Imevimba!"

"Kama mimi," nikasema.

Mpishi ilibidi akimbilie jikoni akachekee huko.

Basi hapakuwa na njia. Maji hayamsubiri mtu, na kitanda hakifunguki. Kitabebwa kizima. Meno akashika tendegu la mchagoni, lile lake, nilimchagulia mwenyewe. Mkewe akashika la pembeni yake. Miwani nikamkabidhi la tatu, maana mnunuzi wa kitu cha wizi hana udhuru wa bega. Bwana harusi akajitokeza kwa la nne bila kuombwa, nadhani aliombwa na macho ya mtu mwingine. Wakakitoa kupitia upande wa pazia, wakakiweka mabegani. Mimi nikafuata nyuma na fimbo yangu na mkoba wangu.

"Msikiinamishe! Mchago mbele! Mkamwana, panua hatua, hapo hakuna zulia!"

Tulipouzunguka mwamba tukakutana na watu wanaookota chaza kwenye matope. Wakatuona: watu wanne, mzigo mrefu mabegani, shuka jeupe linapepea, maua yamebaki juu yake, na mwanamke mmoja analia. Wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja akasogea kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Mimi," nikamjibu. "Lakini bado nina maneno."

Kikapakiwa kwenye gari la wazi. Njia nzima sikuongea. Mkiniona nimenyamaza msidhani nimepoa. Chungu kikifunikwa ndipo kinapochemka.

Tukafika mtaani saa za watu kutoka kazini. Wakakishusha, wakakisogeza mlangoni. Hakikupita. Wakakilaza ubavu, hakikupita. Wakakisimamisha, matendegu yakagonga juu. Meno akaitazama ile kabari, akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipoelewa.

"Mama. Umezilowesha."

"Mimi nilikuwa mapumzikoni. Siku mbili tatu zitakauka."

"Sasa kitakaa wapi?"

"Hapo kilipo."

Na hapo kilipo ni mbele ya nyumba yangu, kando ya barabara, kati ya duka la fundi viatu na kibanda cha vocha za simu. Nikatuma kigoda. Nikapanda. Nikapanga mito mgongoni. Mkamwana akaja mbio, sauti ameimeza.

"Mama, nakuomba ingia ndani. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Hapa ni mahali panapojulikana."

"Kitanda kipya kipo chumbani, mama, lala pale kwa muda tu."

"Kile alale aliyekichagua. Kifupi, hataanguka."

Majirani wakaanza kuja. Wa kwanza fundi viatu, kiatu cha mtu bado kiko mkononi. "Mama Meno! Tulisikia uko ufukweni! Na hiki kitanda vipi tena?"

Nikamwonyesha mwanangu kwa fimbo. "Muulize yeye. Mimi nimepumzishwa."

Meno akakohoa. Akaanza: wazee kuanguka ni tatizo kubwa, familia ilifanya tathmini, kukatokea fursa... Alizunguka mwamba mara tatu asifike. Fundi viatu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mlikipeleka wapi?" Akaanza upya.

Akaja muuza vocha. "Muulize yeye," nikasema. Safari hii hakusema tathmini. Alisema tulitaka tu mama apate kitanda salama.

"Mama mwenyewe alisemaje?" akauliza yule msichana, hana hata ubaya. Meno akafuta jasho.

Wakaja wanawake wa nyumba ya pili na ya tatu, na kila aliyekuja nikamnyooshea fimbo. Sikumsaidia hata neno. Mkewe alikuwa kajibanza mlangoni. Nikamwita, nikampa nafasi miguuni pangu akae, maana na yeye ana sehemu yake ya hadithi. Akakaa. Kila Meno aliposema "tuliamua," yeye alikuwa anainamisha kichwa, mpaka mara moja akamkatiza: "Mimi ndiye niliyempigia simu Miwani. Sema hivyo." Nikamtazama upya yule binti.

Alipofika dada wa marehemu mume wangu, mwenye sauti kuliko kengele ya shule, na kuuliza kwa nini kitanda cha kaka yake kiko barabarani kama kitanda cha mdaiwa, Meno hakusimama tena. Alichuchumaa pale mchagoni, mkono wake umelishika tendegu. Sijui kama alijua mkono wake uko wapi. Kidole gumba kilikuwa ndani ya kile kijishimo, kinakwenda na kurudi.

"Nilichukua kitanda cha mama bila kumwambia," akasema. "Basi."

Shangazi yake akafungua kinywa, akakifunga. Haikuwahi kutokea, mnaomjua mtakubali.

Niliteremsha mkono kando ya godoro, taratibu, nikaigusa kabari ya ubavuni. Jua la kutwa nzima lilikuwa limeipiga. Niliibonyeza kwa kidole ikacheza kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Kwa kuzigonga moja moja tu, kitanda kingefunguka na kuingia ndani kabla ya chakula cha jioni.

Nikaurudisha mkono mapajani. Yule pale kwenye kona alikuwa fundi cherehani anakuja, na mke wake, na mama mkwe wake kutoka safari, na wote watatu walikuwa bado hawajasikia.

"Karibuni," nikawaita. "Njooni mumuulize."